Samaki Walioitwa Dhambi

Kwenye kilio cha Deo, mtu mmoja wa kanisani kwao alishika kipaza sauti akasema kwamba marehemu ndiye aliyewaletea watu wa Lubumbashi samaki wabichi wa Kasenga. Akina mama waliokaa kwenye mikeka wakatikisa vichwa. Mzee aliyekuwa kando yangu akanong'ona, "Njo kweli. Ule muntu alitulishaka." Mimi nilikuwa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, sahani ya bukari, ugali wetu, magotini, na juu ya bukari kipande cha makobo, yule samaki mnene wa mto Luapula, kimepikwa kwa nyanya na kitunguu. Makobo yule alitoka katika chumba changu cha baridi. Samaki wote wa kilio kile nilileta mimi, kwa gari langu, bila kuombwa na mtu, kwa sababu ndivyo afanyavyo mwanaume mwenye uwezo, hata kwa mtu aliyemkosea. Nikala samaki wangu huku nikisikia sifa yake ikipewa aliyelala ndani ya sanduku. Nilimeza na miiba.

Ili msomaji asinidhanie mtu wa wivu, niseme mimi ni nani. Naitwa Ngoy, na sokoni wananiita Ngoy Barafu. Shule niliiacha darasa la tano, na sijutii, maana wale tuliokaa nao dawati moja wakaendelea mpaka juu, leo wengine wananiomba kazi ya kuhesabu masanduku. Baba na mama siwaingizi katika habari hii, hawakunipa mtaji. Nilianza na baiskeli na kikapu. Sasa nina malori, nina vyumba vya baridi, nina mashine ya kutengeneza barafu ambayo hata wenye hoteli hawana. Hakuna mama anayeuza samaki Kampemba asiyejua sauti yangu. Lakini kuna kitu kimoja nilinyang'anywa, na nilinyang'anywa nikiangalia, nikicheka, nikila mezani kwa mnyang'anyi. Jina. Kwamba watu wakila samaki wa Kasenga waseme, huyu ni wa Ngoy. Hicho tu ndicho nilikitaka kuliko malori yote, na kilipotea katika mwaka mmoja, kwa ajili ya maneno matatu na vistari viwili.

Ulikuwa mwaka ule ambao simu za kugusa kwa kidole zilianza kuonekana mikononi mwa watu wa kawaida. Deo alikuwa na cyber karibu na soko la Kampemba, chumba kilichokuwa saluni ya wanawake kabla hajakipanga. Vioo vya saluni alikuwa hajavitoa. Ukiketi mbele ya kompyuta unajiona usoni huku unaandika, na nyuma yako unamwona anayekusoma begani. Kompyuta zilikuwa tatu, moja haikuwahi kufanya kazi, na nje jenereta ilikuwa inakohoa kila umeme ulipokatika, yaani kila siku. Mwisho wa chumba palikuwa na pazia la kitenge, na nyuma ya pazia mke wake Odette alikuwa anapika. Harufu ya vumbi la moto la kompyuta na harufu ya mboga za lengalenga zilikuwa zinakaa pamoja kama mtu na mke wake. Mimi nilikuwa naingia pale na viatu vya matope, natoka njia ya Kasenga, na Deo alikuwa ananiita yaya, kaka mkubwa. Alikuwa amesoma chuo miaka miwili kabla ya kuacha. Nilimpenda, sitaficha. Mtu aliyesoma kukuita yaya ni jambo ambalo mtu wa darasa la tano halisahau.

Yeye ndiye aliyeniambia kwamba biashara isiyo na tovuti itakufa. Nikamwambia, fungua. Siku ile tuliketi watu wawili kwenye kiti kimoja, akaniuliza adresi iandikweje, yaani yale maneno ya juu ambayo mtu anaandika ili afike kwako. Nikasema, andika Ngoy. Akacheka mpaka kile kiti kikalia.

"Yaya, ba-Ngoy beko mingi kama majani! Muntu mwenye iko na njaa hatafutake jina yako. Anatafuta kile anataka kula. Mashini ya kutafuta inaangalia yale maneno eko anaandika, inaenda kuangalia ni nani iko na yale maneno. Kama maneno iko mu adresi yako, ni kama umeandika ku mulango. Kama haiko, utabaki mu nyumba yenye haina mulango."

Nilielewa. Mimi huelewa haraka. Nikamwambia basi aandike kile kilichoandikwa kwenye mlango wa friza yangu. Fundi wa kuchora mabango alikuwa amenichorea kwa rangi nyekundu, *La Pêche de Kasenga*, uvuvi wa Kasenga, na juu ya ile herufi ya pili akaweka kofia. Aliniambia siku ile, akipuliza rangi ikauke, kwamba kofia ile niilinde, kwa sababu ukivua kofia na kutia vijistari vya pembeni, neno linakuwa *péché*, dhambi, na padiri atakuja kunitoza faini. Tulicheka. Kwa hiyo Deo alipoandika, nikatazama kioo cha kompyuta nikaona herufi zote zimebanana bila nafasi hata moja, pechedekasenga, na kichwani hakuna kitu.

"Kofia iko wapi?"

"Adresi haivalake kofia, yaya. Inakatala aksan yote."

"Sasa itajua aje kama ni samaki?"

"Mashini iko na akili. Itaelewa."

Odette akapaza sauti kutoka nyuma ya pazia, "Muko munatoa kofia kama bantu benye kuingia mu kanisa!" Wateja wa kompyuta ya pili wakacheka, mimi nikacheka kuliko wote. Mtu wa chuo akikuambia mashine itaelewa, wewe wa darasa la tano utasema nini? Nikatoa namba yangu ya simu, akaibandika chini ya picha ya friza, tukaenda kula.

Simu ya kwanza ilinikuta sokoni, mikono imejaa magamba. Nilifuta kidole kimoja kwenye suruali nikapokea. Sauti ya mwanamke, ya chini, kama mtu aliyejifungia chumbani.

"Allô. Ni ku Péché ya Kasenga?"

"Njo kwenyewe, mama! Tuko na makobo, tuko na bisense, yote ya leo."

Akasema, "Papa pasta, mi minaomba maombi."

Nilidhani ni mzaha wa mtu wa pale sokoni, nikageuka kutafuta nani anacheka. Hakuna aliyecheka. Yule mama alikuwa na mume anayefanya biashara ya nyavu Kasenga, na habari zilikuwa zimemfikia kwamba kule ana nyumba nyingine. Alikuwa ameketi na simu ya dada yake, hajui aanze wapi, akaandika neno lililokuwa moyoni mwake na jina la mji uliomla mume wake. *Péché*, dhambi, Kasenga. Mashine ikamletea mimi.

"Mama," nikasema, "miye minauzishaka samaki."

"Basi unafikaka kule. Unamuyua?" Akataja jina.

Nilimjua. Nilikuwa nimekula kwa yule mwanamke wa pili juma lile, bisense, dagaa wa kwetu, za kukaanga na pilipili, na mume mwenyewe ndiye aliyenikaribisha. Nikasema simjui, na mpaka leo nasema nilijibu vizuri, kwa sababu mwenye kuuza samaki hauzi habari za watu. Lakini baada ya kukata simu nilikaa juu ya sanduku nikashindwa kumpimia mteja. Nilikuwa nimelipia kuitwa muuza samaki, na nimeitwa kuhani.

Walifuatana. Kikundi cha sala cha Kenya, ile komini ya mji wetu wala si nchi, kilitaka kujua saa ya mafundisho. Kijana mmoja aliniungamia wizi wa nyaya za shaba kabla sijapata nafasi ya kumkatiza. Mhubiri mmoja alinikaripia kwamba kichwa cha habari ni kizuri lakini kwa nini nimeweka picha ya friza. Msimu ule wa mvua nilisikia dhambi nyingi kuliko padiri wa parokia, na samaki walionunuliwa kwa njia ya tovuti hawakujaza hata bakuli. Sokoni ilikuwa sherehe. Nikipita, akina mama wanapiga magoti, "Pasta Barafu, utubariki!" Nami nilikuwa nawabariki kwa mkia wa samaki. Mtu mkubwa anajua kuchekwa. Lakini ndani nilikuwa naungua, maana barafu ilikuwa inayeyuka na samaki hasubiri mzaha uishe.

Kisha akaja yule bwana wa kantini. Alikuwa mnunuzi wa chakula cha wafanyakazi wa mgodi mmoja upande wa Kipushi, mtu wa shati safi, alikuja sokoni kutafuta vitunguu. Akasimama mbele ya friza yangu kama aliyeona ndugu aliyepotea.

"Papa, na we uko hapa? Mi niko nakutafuta tangu zamani! Minaandika *poisson frais Lubumbashi*, samaki mubichi, minaandika kila siku. Inaniletea hoteli ya Kinshasa, inaniletea namna ya kupika, leo inaniletea Yesu."

Watu mia wa kulishwa kila mchana, na alikuwa hanioni! Nilikuwa pale, na mwili wangu huu mkubwa, na friza yangu nyekundu, na alikuwa hanioni kwa sababu maneno aliyoandika hayakuwa mlangoni kwangu. Nikamwacha aichunguze friza mwenyewe, nikakimbia kwa Deo.

Deo hakucheka siku ile. Alifuta kioo cha saluni kwa kiganja, akachukua kalamu ya wino mzito, akaandika pale pale kwenye kioo, juu ya uso wangu. Aliandika ile adresi ya kwanza, iliyobanana. "Angalia. Mashini inasoma kama mutoto wa darasa la kwanza. Neno, nafasi, neno, nafasi. Ukibandika yote inaona makelele tu. Inashika kipande cha mbele, *peche*, inafikiri, hii ni ya kuvua ao ni ya zambi? Bantu benye kutafuta zambi beko mingi kuliko benye kutafuta kuvua. Inapeleka kwa wale." Kisha chini yake akaandika nyingine, polepole, poisson-frais-lubumbashi, na kati ya neno na neno kistari kidogo. "Kistari njo nafasi. Hapa kila muntu anaona, mashini inaona, na ule wa kantini akiona hii maneno mu list, eko anayua kabla ya kufungua kama iko samaki, iko mubichi, na iko hapa kwetu."

Nikamwuliza kwa nini tusiandike Kiswahili, samaki mubichi. Tuko Lubumbashi, nani anaita samaki *poisson* akiwa na njaa? Odette alikuwa ametoka nyuma ya pazia na mwiko mkononi, akajibu yeye. "Shemeki, kinywa iko ya Kiswahili, kidole iko ya Kifaransa. Miye mwenyewe nikishika simu minaandikaka *comment préparer*, siandikake namna ya kupika." Nimeishi miaka mingi baada ya siku ile, nimewaona watu wengi wakiwa wameinamia simu, na sijaona maneno ya kweli kuliko yale. Tunakula kwa Kiswahili, tunatafuta kwa Kifaransa.

Yakabaki mambo mawili madogo, na yote mawili alinieleza vizuri, ndiyo maana yananiuma. La kwanza, namba ya simu. Alisema namba yangu imejaa watu wa dhambi, tuweke yake kwanza mpaka upepo utulie, na akipata mteja atanipigia. La pili, ile adresi ya zamani. Alisema kuna watu wameshaiandika mahali, akina mama wa sokoni wamewaambia jamaa zao, tukiifunga tutawapoteza. Tuigeuze, ni kama kuweka kibao kwenye njia panda, kila gari linalokuja kwa Ngoy lipite huku. Hata wewe ungekubali. Msomaji anayesema asingekubali, hajawahi kuwa na barafu inayoyeyuka.

Tulikula siku ile chakula ambacho sijakula kingine kama kile. Nilikuwa nimeleta makobo wawili, Odette akawachemsha kwa nyanya, akaweka bukari ya mahindi na muhogo, ngumu, ya kukata kwa mkono, na jagi la munkoyo uliochacha vizuri. Sahani ziliwekwa juu ya kompyuta mbovu. Deo akamchukulia Odette nyama ya shavu la samaki, akamlisha mbele yangu bila haya. Odette akasema, "Tukitajirika utaninunulia nyumba ao utaongeza bibi?" Deo akasema, "Nitakununulia kompyuta moja yenye inafanya kazi." Nilicheka mpaka munkoyo ukanitoka puani. Leo nikikumbuka kicheko kile, nakiona kama kicheko cha kuku anayenenepeshwa achinjwe.

Maana ilifanya kazi! Sitamnyima haki yake, ilifanya kazi kuliko tulivyoota. Kabla mvua hazijaisha, mtu akiandika maneno yale, wa kwanza ni sisi. Bwana wa kantini alipiga, hoteli zikapiga, mabibi wa mtaa wa matajiri wakapiga wakitaka wa kuletewa nyumbani. Deo alikuwa ananipigia kila mara, yaya, leta hiki, yaya, leta kile. Nikanunua gari la kwanza, bovu lakini langu. Nilikuwa naishi njiani. Nilikuwa nalala juu ya maranda ya mbao yanayofunika barafu, nasukuma gari kwenye tope, nabishana na wavuvi ufukweni Kasenga, narudi mjini mgongo umekwisha. Na kila niliporudi, wateja walikuwa ni sauti ndani ya simu ya Deo. Sikuwaona nyuso. Nikipeleka samaki mlango wa nyuma wa hoteli, mpishi ananiuliza, "Deo hajambo? Mwambie samaki yake iko muzuri." Mara ya kwanza nilimsahihisha. Mara ya pili nikaona anadhani ni mzaha wa dereva.

Mwishoni mwa mwaka ule gari langu lilinasa tope njiani, na nilifika kwa Deo mchana nimekauka udongo mpaka kwenye nyusi. Cyber ilikuwa tupu, umeme ulikuwa umekatika, jenereta ilikuwa kimya, ndiyo maana nilisikia kila kitu. Walikuwa nyuma ya pazia. Deo alikuwa anazungumza kwenye simu na mtu wa mgodi mwingine, kwa sauti ile aliyoitumia kwa wakubwa.

"Ndiyo, patron. Samaki yangu. Hapana, hakuna mwengine, miye njo mwenyewe. Niko na muntu moja ya kunibebea kutoka Kasenga, muntu ya nguvu."

Muntu moja ya kunibebea. Alipokata, nikamsikia Odette. "Na siku Ngoy atasikia?"

"Atafanya nini? Atafute jina yake mu internet?"

Odette akacheka. Kicheko kifupi, cha mtu anayeonja chumvi, lakini alicheka. Nikaona nyuso zangu kwenye vioo vya saluni, kila kioo Ngoy mmoja wa udongo, na juu ya kioo kimojawapo bado yalikuwapo yale maneno matatu kwa wino mzito, yamepita katikati ya paji la uso wangu. Nikavuta pazia.

"Deo. Samaki ni ya nani?"

Hakuruka. Hilo ndilo lililonishangaza, hakuona haya. Alinitazama kama mwalimu mwema. "Yaya, keti kwanza. Samaki ni ya ule mwenye anapatikana. Weye unaleta, hakuna mwenye anabisha. Lakini kama nafunga hii adresi leo, kesho nani atakuona? Hata ule wa kantini alikosa kukuona na uko mbele yake."

"Weka namba yangu."

"Watapiga, utasema nini? Unajua kusema na wazungu wa mgodi?"

Nilikuwa na samaki wa Odette kwenye mfuko, nilimletea kama kawaida. Nikamweka mezani. Sikupiga mtu, ingawa mikono hii ilikuwa inabeba masanduku mawili kwa mara moja. Nikatoka. Nikaenda katika cyber nyingine, upande wa pili wa soko, nikamwomba mwenyewe anirudishie adresi yangu. Akafungua, akaangalia, akanionea huruma. Adresi imeandikishwa kwa jina la Deo, zote mbili, hata ile ya dhambi. Akasema naweza kufungua mpya, lakini maneno yale matatu yameshachukuliwa, nitapata ya kuzungukazunguka, na mashine inaamini adresi iliyokaa muda mrefu kama watu wanavyomwamini mzee wa mtaa. Ukiandika hata *pêche de Kasenga*, kile kibao cha njia panda kinakupeleka kwa Deo. Njia yangu mwenyewe ilikuwa inawapeleka watu kwake.

Niliacha kumpelekea samaki. Nilidhani ataanguka. Hakuanguka, alinunua kwa wengine, akachanganya na wa kugandishwa wanaotoka mbali, na juu ya tovuti bado iliandikwa wabichi, bado iliandikwa Kasenga. Watu walikula samaki wa ng'ambo wakasifu Luapula. Mimi nikala kiapo cha kutoweka jina langu wala namba yangu kwenye mashine yoyote. Nikajenga kwa mdomo na miguu, mama kwa mama, meza kwa meza, na nilijenga vikubwa, macho yenu yatawaambia mkipita kwangu. Lakini hoteli na migodi vilibaki vyake. Miaka yote ile, mtu wa shati safi akitaka samaki, aliandika maneno matatu.

Baada ya kilio, matanga yalipoondolewa, Odette alikuja dipo kwangu kwa miguu, kitambaa cheusi kichwani. Amezeeka. Sikumpa kiti kwanza, kisha nikampa.

"Shemeki," akasema, "nilikutafuta mu internet. Niliandika Ngoy, nikaandika Ngoy samaki. Hauko."

"Siko."

"Nikaenda kuuliza ku soko. Hata ule wa kuuzisha makaa alinionyesha kidole."

Sitaficha kwamba moyo ulinipanda. Akaeleza. Simu ya Deo bado inalia, wateja hawajui kama amekufa, na waliokuwa wanamuuzia Deo samaki hawataki kumpa mjane kwa mkopo. Watoto wanasoma. "Miye nimebakia na adresi, weye uko na samaki. Mbali na hiyo adresi sina kitu, shemeki. Nyumba yenyewe ni ya kupanga."

Wafanyakazi wangu walikuwa wanapasua barafu, kila pigo linamfanya apepese macho. Nilikumbuka kile kicheko cha nyuma ya pazia. Nilikumbuka pia kwamba ni yeye aliyeuliza, na siku Ngoy atasikia. Nikamwambia nitampa samaki, wabichi, wa Kasenga kweli, na atalipa akishauza. Namba ibaki yake. Tovuti ibaki yake. Kitu kimoja tu.

"Wakikuuliza samaki ni ya nani, utaje jina langu."

"Nitataja."

"Sema."

"Ya papa Ngoy," akasema, na machozi yakamtoka, nami nikaangalia pembeni, kwa sababu sikujua analilia nini.

Nikampelekea mzigo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wateja hawakupungua. Siku moja asubuhi, dereva akiwa anakunywa chai, nilichukua simu yake, nikaandika kwa kidole changu kinene yale maneno matatu, mara ya kwanza maishani mwangu. Wa kwanza kabisa ni wao. Nikabonyeza namba.

"Allô, samaki mubichi ya Kasenga," ikasema sauti ya Odette. Nyuma yake kisu kilikuwa kinaparua magamba.

Nikabana sauti puani. "Mama, hii samaki ni ya nani?"

Kisu kikasimama. Hakukawia hata kidogo kuliko anavyokawia mtu kutaja jina la nyumbani kwake.

"Ni ya papa Deo," akasema. "Marehemu papa Deo. Tunaendelea na kazi yake."

Nikamshukuru, nikakata. Dereva alikuwa ameshamaliza chai, amesimama na funguo mkononi, ananiuliza gari lipi lipakiwe kwanza. Nikamwonyesha lile linalokwenda kwa Odette.